Mbio za ufukweni hazitoshi, tuzitazame nyonga

Jioni hapa Mtwara utawakuta vijana wa timu za mtaani wakikimbia ufukweni Shangani, kwenda na kurudi, jasho linawatiririka. Walimu wao wanaridhika. Mimi siridhiki. Pumzi vijana hawa wanazo, nguvu za nyonga hawana.

Msimu uliopita winga wetu wa kushoto alikata kuingia ndani, akasimama ghafla, mkono kwenye kinena. Hakuguswa na mtu. Nilimkalisha juu ya ndoo, nikaweka ngumi katikati ya magoti yake, nikamwambia abane. Alibana kidogo tu, uso ukakunjamana. "Kaka, panachoma." Kumbe wiki ya tatu hiyo anachuliwa dawa, anarudi uwanjani, panauma, anachuliwa tena.

Kuchua kunatuliza maumivu, lakini misuli dhaifu haipati nguvu kwa kuchuliwa. Misuli ya paja la ndani inafanya kazi kubwa unapopiga pasi na unapogeuka kwa kasi. Ile ya ubavuni mwa nyonga inakizuia kiuno kisining'inie ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, na huwezi kupiga shuti bila kusimama kwa mguu mmoja. Makalio nayo ndiyo yanayokusukuma kwenye hatua za kwanza za mbio. Mwambie mchezaji wako achuchumae nusu kwa mguu mmoja, umtazame goti. Likikimbilia ndani, mara nyingi nyonga inahitaji kazi. Na viwanja vyetu ni mchanga, mguu unateleza kila ukikanyaga.

Norway watafiti walizigawa timu 35 za wachezaji wa nusu kulipwa, baadhi zikapewa zoezi moja la kinena. Matokeo yalitoka 2019: hatari ya matatizo ya kinena kwa waliopewa zoezi ilikuwa pungufu kwa asilimia 41. Zoezi lenyewe halina gharama. Unalala ubavu, mwenzako anakushikia mguu wa juu, unanyanyua kiuno huku mguu wa chini ukiufuata wa juu. Unashuka taratibu. Anayeanza ashikiwe gotini, si kwenye kifundo, maana ni zito kweli.

Naambiwa hayo ni mambo ya ligi kuu, sisi ni wa mchangani. Hapo nakataa kabisa. Wa ligi kuu akiumia ana daktari wa timu na mshahara. Wetu akiumia Jumapili, Jumatatu anatakiwa awe juu ya bodaboda au anabeba magunia ya korosho. Yeye ndiye wa kulindwa kwanza.

Tangu hapo Jumanne na Alhamisi tunatenga dakika kumi za nyonga kabla ya mpira. Winga alianza kwa kunyanyua mara tatu tu, akitetemeka. Wiki iliyopita nilimkalisha tena kwenye ndoo ileile, nikaweka ngumi. Akabana mpaka nikamwambia, "Basi, dogo, niachie mkono."