Neno refu la Kiingereza: likatwe kwa sauti au kwa maana?

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Mbalizi au Mafinga amefundishwa kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu. Akikutana na "photosynthesis" anaambiwa alikate kwa silabi: pho-to-syn-the-sis, makofi matano, tuendelee. Ametamka, lakini hajaambulia kitu.

Wanaotaka neno likatwe kwa mofimu, yaani vipande vyake vyenye maana, huambiwa hayo ni mambo ya chuo kikuu. Sioni kwa nini. Kwenye kipindi cha Kiswahili mtoto huyohuyo anachambua "hatutawasahau" kiambishi kwa kiambishi. Anajua silabi za "anasoma" huishia na so-ma, ilhali mzizi ni -som-. Mwonyeshe basi kwamba "photo" ni mwanga na "synthesis" ni kuunganisha, na usanisinuru wetu umeundwa vivyo hivyo: usanisi na nuru. Kwa aliyeona bwawa la Mtera, "hydro" ya "hydroelectric" haihitaji hotuba, ni maji. Ninalolipenda zaidi ni "helicopter". Kwa silabi ni he-li-cop-ter, lakini liliungwa kwa vipande vya Kigiriki, "helico", yaani mzunguko kama wa skrubu, na "pter", bawa. Mshono unapita katikati ya "cop"! Hata tahajia inayotutesa hupata sababu: ile g iliyo bubu katika "sign" inasikika katika "signature", kwa kuwa maneno hayo ni ndugu.

Upande wa silabi nao una hoja, hasa kwenye matamshi. "Strengths" ina herufi tisa na silabi moja tu. Sisi tuliozoea silabi kuishia na irabu tunaipachika irabu za ziada bila kujua. Shadda nayo, yaani mkazo wa sauti: kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ila Kiingereza husema PHOtograph, kisha phoTOgrapher, kisha photoGRAPHic. Asiyehesabu silabi atapotea. (Ingawa hata hapo kiambishi tamati "-ic" ndicho kinachoivuta shadda kwenye silabi iliyo kabla yake.)

Hatari halisi ya kukata kwa maana ni kuona mofimu isiyokuwepo. Kuna atakayeona "un" ya kukanusha ndani ya "uncle". Mwambie aiondoe aone kinachobaki: "cle" si neno, basi amekosea. Ugumu uko kwenye "understand", inayopita jaribio hilo vizuri kabisa na bado haimwambii msomaji wa leo lolote kuhusu kusimama wala chini. Hilo atalijua kwa mwalimu tu.