Matoleo maalumu ya watafiti chipukizi wa retina na ubongo: yanamfaa daktari wa Tabora?

Majarida ya kimataifa ya tiba ya macho na mfumo wa fahamu hutenga mara kwa mara matoleo maalumu kwa ajili ya watafiti chipukizi wa magonjwa ya retina na ubongo. Viungo hivi viwili kuwekwa pamoja si jambo la kubahatisha, kwani retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchipuka kutoka kwenye ubongo mtoto akiwa bado tumboni, na kupitia mboni daktari huweza kuitazama moja kwa moja pamoja na mishipa yake ya damu bila kupasua chochote. Linalostahili kupimwa ni iwapo nafasi hizo zinamfikia daktari kijana anayehudumu Tabora, au zinaishia kwa wenzake wa mbali wenye maandiko yaliyokwisha kuiva.

Hoja ya kuzichangamkia ina uzito mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Tabora ukiongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, takriban 23%, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 8%. Mtoto anapofikishwa wodini akiwa na degedege na hana fahamu, na ndugu zake wakisema malaria imempanda kichwani, mara nyingi kipimo cha damu pekee hakitoshi kuthibitisha kauli hiyo, kwa kuwa katika eneo kama hili watoto wengi huwa na vimelea bila hata kuugua. Huko Blantyre, Malawi, uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, uliochapishwa mwaka 2004, ulibaini kwamba 7 kati yao waliuawa na sababu nyingine, na kwamba dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi walipokuwa hai ilikuwa mabadiliko ya retina: weupe usio wa kawaida, mishipa iliyobadilika rangi, na damu iliyovuja. Kuyaona mabadiliko hayo kunahitaji ofthalmoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, dawa ya kupanua mboni na jicho lililozoezwa. Daktari wa Tabora, kwa maana hiyo, anao wagonjwa na analo swali ambalo wengi wa maprofesa wa Ulaya hulisoma vitabuni tu.

Kinachotajwa haraka kuwa kikwazo ni ada. Ni kweli kwamba kuchapisha andiko moja katika jarida la wazi, linalosomwa na yeyote bila malipo, kunaweza kugharimu zaidi ya dola 2,000 za Marekani, fedha ambazo hospitali ya mkoa haiwezi kuzitenga. Hata hivyo Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo, chini ya mpango wa Research4Life unaozisaidia nchi zenye kipato kidogo kuyafikia machapisho ya utafiti, wachapishaji wengi husamehe ada yote. Msamaha huo una masharti yake: baadhi huutoa pale tu waandishi wote wanapotoka katika nchi hizo, hivyo kushirikiana na chuo cha nchi tajiri, jambo ambalo vinginevyo lingesifiwa, kunaweza kuurudisha mzigo palepale.

Kwa maoni yangu kikwazo kikubwa zaidi ni kalenda. Toleo maalumu hutoa wito wa maandiko, hufunguliwa kwa miezi kadhaa kisha likafungwa. Katika muda huo daktari anapaswa kuandika pendekezo, kupata kibali cha maadili ya utafiti, kungoja mvua ambazo Tabora huanza karibu na Novemba na kuleta wimbi la malaria, kuwachunguza watoto, na ndipo aandike. Anayeweza kuitikia wito huo ni yule ambaye takwimu zake zilikuwa tayari, na huyo mara nyingi ni mtu wa mradi uliofadhiliwa kutoka nje.

Lipo pia suala la nani huitwa chipukizi. Wengi huhesabu miaka tangu mtu apate shahada ya uzamivu. Baraza la Utafiti la Ulaya kwa muda mrefu lilihesabu miaka 2 hadi 7 kwa ruzuku yake ya waanzaji. Daktari bingwa wa kwetu kwa kawaida ana uzamili wa tiba tu, tena alioupata baada ya kuhudumu wilayani. Kwa kipimo hicho bado hajaanza kuchipuka, na atakapoanza huenda mvi zimemtangulia.

Wanaoyatilia shaka matoleo haya kabisa wana ushahidi wao: mwaka 2023 shirika la Hindawi, mchapishaji wa majarida, liliyafuta maandiko zaidi ya 8,000, mengi yakiwa yamepitia kwa wahariri waalikwa, wale wanaosimamia matoleo maalumu. Lakini kuyakimbia yote kwa sababu hiyo ni kumwachia mwingine nafasi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo hapa Tabora, ina jarida lake la utafiti wa afya, na tabibu wa Nzega au Urambo atanufaika zaidi na andiko la humo, ingawa wanaopima vyeo vyuoni huvutiwa na majina ya mbali.

Ningemshauri daktari kijana aombe kibali sasa, kabla ya wito wowote, kwa utafiti mdogo wa kuchunguza retina ya kila mtoto anayelazwa bila fahamu, na akubaliane na wenzake kwa maandishi kwamba aliyewachunguza watoto ndiye mwandishi wa kwanza. Wito ukitokea msimu wa mvua ukiwa umepita, atakuwa na cha kupeleka, na swali la kwanza kwa mhariri litakuwa juu ya msamaha wa ada, na iwapo uzamili wake unatosha kumhesabu chipukizi.