Kitabu kiko au hakiko: maktaba za Lubumbashi kati ya programu ya simu na ukurasa mwepesi

Kutoka mtaa wa Ruashi mpaka Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu, ni safari ya mabasi mawili, ukibahatika. Unashuka mjini, unasukumana kupata la pili, unafika maktabani shati limekushika mgongoni, unamwinamia mzee aliye nyuma ya meza: “Papa, ile buku iko?” Naye, macho hayajatoka kwenye daftari lake: “Haiko, mwanangu. Ilitoka tangu juma lililopita.” Basi. Nauli ya kuja imekwenda, ya kurudi inakungoja, na asubuhi nzima imeliwa na neno moja ambalo simu iliyo mfukoni mwako ingeweza kukuambia kabla hujavaa viatu.

Naanza na neno hilo kwa sababu mjadala wetu wa maktaba na simu huwa hauanzi nalo. Watu wakikaa kuzungumza namna ya kuziamsha maktaba za mji huu, kabla chai haijapoa mtu ataomba “programu yetu wenyewe”, aplikasyo kama vijana wanavyoiita, yenye nembo ya chuo na alama yake kwenye kioo cha simu. Njia nyingine, ya ukurasa wa kawaida wa intaneti uliopangwa ufunguke vizuri kwenye simu yoyote, hutajwa kwa sauti ya chini kama chakula cha kungojea mgeni: tutumie huu kwanza mpaka fedha zipatikane. Mimi naona mpango huo umekaa kichwa chini miguu juu. Lakini wanaotaka programu si wajinga, na hoja yao moja hasa tunaijua kwa mwili.

Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ilirudi baada ya siku kama 20. Ukurasa wa maktaba, hata ungekuwa mzuri namna gani, ungekuwa umekufa muda wote huo. Programu iliyokwisha kushushwa pamoja na vitabu vyake isingejali. Ongeza hapo siku za kawaida, mtandao unapolala mchana kutwa bila sababu ya siasa, na utaona kwa nini mtu anataka kitu kinachokaa ndani ya simu. Tena kuna kazi ambazo programu inazimudu kweli. Libby, ambayo maktaba nyingi za Marekani zimekuwa zikiitumia tangu 2017, inamwazima msomaji kitabu cha kielektroniki, anakisoma bila mtandao, na siku ikifika kinajirudisha chenyewe. Hakuna faini, hakuna kugombana na mtu mezani. Halafu kuna heshima. Mtoto wa mtaa wa Katuba naye ana haki ya kupewa kitu kizuri, si kila siku makombo. Hilo silipuuzi.

Sasa twende kwenye mega, yaani zile megabaiti za intaneti tunazozinunua, maana huko ndiko mambo yanakoamuliwa.

Chukua fishi ya zamani ya maktaba, ile kadi ya sentimita 7.5 kwa 12.5 iliyotoboka tundu chini ipitishwe chuma cha droo. Ina nini? Jina la mwandishi, jina la kitabu, mji na mwaka wa kuchapwa, idadi ya kurasa, mada mbili tatu, na namba ya kukitafutia rafuni. Hesabu herufi zote, ni nadra kupita 500. Kwenye kompyuta herufi ya kawaida ni baiti 1, zenye alama za Kifaransa ni baiti 2. Kwa hiyo hata ukikadiria kwa ukarimu, fishi nzima ni kilobaiti 1. Ukurasa wa kawaida wa intaneti siku hizi, ule unaofunguliwa kwenye simu, unazidi megabaiti 2: picha kubwa ya jengo juu, herufi za mapambo, vijitu vya kuhesabu wageni, tangazo la kongamano lililokwisha kupita. Megabaiti 2 ni fishi 2,000. Droo moja iliyojaa ni fishi kama 1,000. Yaani umeuliza swali la neno moja, ukabebeshwa droo mbili za mbao kichwani, ukalipia mzigo wewe mwenyewe, na bado hujaambiwa kama kitabu kiko. Ukibonyeza ukurasa wa pili, mara nyingi sehemu ya mzigo inarudi tena.

Nimeifanya hesabu hii mara nyingi kiasi cha kuwachosha rafiki zangu, na kila mara mtetezi wa programu hunidaka hapo hapo. Anasema: hiyo ni kesi dhidi ya kurasa nzito, si dhidi ya programu. Programu ikishaingia kwenye simu ina mapambo yake ndani. Inaleta maandishi tu, fishi tupu. Kweli kabisa. Mtu anayetafuta vitabu kila siku, miaka mitatu mfululizo, huenda programu ikamwokolea mega nyingi. Tatizo ni kwamba mtu huyo hayuko, au yuko mmoja kwenye kitivo kizima na tayari anafanya kazi maktabani. Mwanafunzi wa kawaida anasoma silabusi, yale maandishi ya somo, aliyoinunua kwa profesa. Maktaba anaikumbuka mara chache, zaidi wakati wa TFC au memwari, zile kazi za kuandika za kumalizia masomo, na hapo anahitaji vitabu sita, saba. Ashushe programu ya megabaiti 30 au 40 kwa vitabu saba? Na isasishwe mara ngapi kabla hajakifikia cha nane?

Nilikaa na kijana mmoja kwenye benchi, simu yake ya gigabaiti 16 imegoma kupokea picha za notisi kutoka kundi la promosheni yao, yaani wenzake wa mwaka mmoja chuoni. Alifungua orodha ya programu zake, kidole kikashuka polepole kama cha mtu anayechagua kuku wa kuchinja. WhatsApp haiguswi. Ya kutuma pesa haiguswi. Ya mpira, akasita, akaiacha. Ya kamusi, ikaondoka. Programu ya maktaba ingekuwa na ujirani gani pale? Ingeondoka kabla ya kamusi. Ukurasa wa intaneti haupangi chumba kwenye simu ya mtu. Unakuja, unajibu, unaondoka.

Na simu zenyewe tunazijua. Kati ya 2020 na 2022, kodi ya RAM, ile ya kuandikisha simu, ilipokuwa ikikatwa kwenye yunite zetu, yaani salio la simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ya 3G au 4G, kila familia ililazimika kuhesabu ina simu ngapi na za aina gani. Hesabu ile ilionyesha jambo ambalo watengenezaji wa programu hawapendi kulisikia: nyumba moja ina simu ya kisasa ya baba, simu ya kioo kilichopasuka inayozungushwa kati ya watoto watatu, na simu ya vitufe ya mama. Programu inataka toleo fulani la Android na kwenda mbele, inataka akaunti, inataka neno la siri. Simu inayotumiwa na watoto watatu ina akaunti ya nani?

Upande wa maktaba yenyewe mambo ni mabaya zaidi, ila watu huyaona kwa kuchelewa. Kuiweka programu kwenye duka la Google ni dola 25 mara moja tu. Kwenye la Apple ni dola 99 kila mwaka. Hizo ni ndogo. Kubwa ni kwamba Google hudai programu zifuate matoleo mapya ya Android mwaka hadi mwaka, na isiyofuata hufichwa kwa wenye simu mpya. Lazima basi awepo mtu wa kuifungua, kuirekebisha na kuirudisha, kila mwaka, hata kama hakuna kitabu kipya kilichoingia. Mradi wa mfadhili huwa na uzinduzi, fulana na keki. Mwaka wa tatu hauna keki. Ukurasa rahisi ulioandikwa mwaka 2010, ndio mwaka Ethan Marcotte alipolipa jina wazo la kurasa zinazojipanga kulingana na upana wa kioo, leo bado unafunguka kwenye simu iliyotoka kiwandani jana.

Tena hatuanzi patupu. Koha, mfumo wa kuendeshea maktaba uliozaliwa New Zealand mwaka 1999, maktaba za Horowhenua zilipoona mfumo wao wa zamani hautavuka mwaka 2000, ni wa bure. Jina lake kwa Kimaori ni zawadi, na katalogi yake ya umma hujibana yenyewe ikikutana na kioo kidogo. PMB ya Wafaransa nayo ni ya bure, na inazungumza lugha ambayo wakutubi wetu walisomeshewa kazi. Kinachobaki ni kupunguza: toa picha ya jengo, toa mapambo, acha kisanduku kimoja cha kutafutia na majibu yake. Na tafadhali, kisanduku kikubali “economie” bila kudai alama juu ya e. Nimeona watu wakiambiwa kitabu hakiko kumbe kosa ni kialama. Kipimo cha ukurasa mwepesi hapa kwetu ni rahisi: ufungue kwenye Opera Mini ikiwa imebana mwisho. Kivinjari hicho huupika ukurasa kwanza kwenye seva zake ndipo kikuletee uliopunguzwa, na kurasa zilizojazwa JavaScript, ile lugha ya programu inayotakiwa kufanya kazi ndani ya kivinjari, mara nyingi hukwama humo. Usipofunguka, rudi mezani.

Ile hoja ya siku 20 bila intaneti nimeibakiza makusudi, kwa sababu jibu lake ndilo linalosahaulika kuliko yote. Ukurasa wa intaneti hauhitaji intaneti. Unahitaji kompyuta inayoutoa na simu inayoupokea, na viwili hivyo vinaweza kuwa chumba kimoja. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ya kukaa kiganjani, inayokula wati zisizofika 10 na hivyo kuridhika na betri umeme ukienda (na utakwenda), inaweza kurusha Wi-Fi ndani ya chumba cha kusomea. Mwanafunzi anaunganisha simu yake, anafungua katalogi, anafungua Wikipedia ya Kifaransa iliyohifadhiwa kwa Kiwix, kazi iliyoanza mwaka 2007 kwa ajili ya watu wasio na mtandao, na hachomi mega hata moja. Serikali ikikata, chumba kile hakijui. Tena tangu 2015 hivi kuna namna ya kuandika ukurasa ujiweke akiba ndani ya simu baada ya kufunguliwa mara moja, ili orodha ya vitabu isomeke hata nyumbani Ruashi bila mtandao. Haiwi safi kama programu, nakubali. Akiba hiyo simu inaweza kuifuta ikibanwa na nafasi, na haitakuambia kitabu kilichorudi leo asubuhi.

Kwa vitabu vya kielektroniki vyenye mkataba, vya kuazima na kurudisha, nawaachia wenzangu ushindi: hapo programu inahitajika. Ila iwe ya kujiunga nayo, iliyotengenezwa na inayotunzwa na wengine, si ya kujijengea. Na kabla hatujafika huko, kuna mlango ulio wazi tunaupita kila siku: taasisi za Kongo zimo katika kundi linaloruhusiwa kusoma bure majarida ya kisayansi kupitia Research4Life, iliyoanzia na HINARI ya afya mwaka 2002. Chuo kinajiandikisha, wasomaji wanaingia kwa kivinjari. Mstari mmoja wa maelekezo ukiwekwa mahali pa kuonekana kwenye ukurasa wa maktaba ungemfaa mwanafunzi wa udaktari kuliko alama yoyote ya kubonyeza.

Wapo watakaosema kwamba hata ukurasa mwepesi hautawafikia wanaonunua mega za WhatsApp peke yake. Ni kweli, na kwa hao maktaba iwe na namba ya WhatsApp na mtu wa kuijibu. Kwa simu ya vitufe ya mama, ujumbe mfupi una herufi 160, na “Kiko, rafu ya 3, njoo kabla ya saa tisa” inaenea na nafasi inabaki.

Mtu wa kuijibu: hapo ndipo mimi mwenyewe ninapokosa usingizi, kwa sababu ukurasa wangu mwepesi una udhaifu uleule wa programu yao. Vyote viwili vinasema kile walichoambiwa. Katika maktaba moja ninayoifahamu, kitabu kikirudi mkutubi anakiandika kwenye daftari lenye jalada la karatasi ya khaki, kwa wino wa bluu, tarehe na sahihi, mwandiko wa shule ya masista. Kuingiza kwenye kompyuta ni Ijumaa, umeme ukiwepo. Ukikosekana, Ijumaa inayofuata. Kwa hiyo kitabu kilichorudi Jumatatu kitasomeka “kimeazimwa” juma zima, na mwanafunzi wa Ruashi atabaki nyumbani wakati kitabu chake kimelala juu ya meza. Nilimuuliza Papa yule kama angeweza kukiingiza palepale kinaporudi, kwa simu, kwenye ukurasa wa wafanyakazi. Alinitazama, akatoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya daftari. “Naweza,” akasema. “Mega za nani?”