Kiatu Changu Kinaelekea Banana

Viatu vile nilivinunua kwa ajili ya harusi ya shemeji. Vyeusi, ncha kama ya mtumbwi, nimevilipa kwa awamu tatu sokoni Kadutu. Kuvivaa siku ya kupeleka wanafunzi kuona mto Kawa yalikuwa majivuno matupu, wala sijitetei.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Bukavu. Nikapanda juu ya kaubao kanakovukia mama wa makala, wale wauza mkaa, fimbo mkononi, nikaanza: Kawa ni mfupi, lakini una haraka, kwa sababu unashuka miteremko ya Kadutu mpaka ziwani. Mvua ikinyesha, maji yanageuka chai ya maziwa. Na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha sana.

Nikarudi nyuma hatua moja niwaonyeshe maji yanavyokula ukingo. Kisigino kikaingia kwenye ufa. Nikavuta. Mguu ukatoka na soksi yake. Kiatu kikajifikiria kidogo, kikadondoka majini. Kikaelea, ncha mbele, kikazunguka mara moja kama kinatuaga, kikajibana kati ya chupa mbili za plastiki na kwenda zake.

"Mwalimu, kiatu yako inaenda!"

Hilo nilikuwa nimeliona. Ila mmoja wa nyuma, wale wasiouliza kitu mwaka mzima, akanyoosha kidole: "Inaenda mpaka wapi?"

Swali la jiografia haliachwi bila jibu. Nikajibu nimesimama kwa mguu mmoja, kama korongo. Kitaingia Ziwa Kivu. Kikipata njia ya kutoka, ni moja tu, Ruzizi. Hapo kitapita bwawa la umeme la Mururu, kama hakitakwama na chupa zote tunazotupa. Baada ya hapo hakuna kupumzika: Kivu iko kama mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika kama 770, na Ruzizi inateremka tofauti yote hiyo kwa kilomita zisizofika 120.

"Si Ruzizi ni mpaka? Jetoni ya kuvukia mpaka itaonyesha wapi?"

Nikaendelea. Tanganyika, kisha mto Lukuga pale Kalemie, kisha Lualaba, Kisangani, Kinshasa, Matadi, mpaka Banana, kwenye bahari ya Atlantiki. Nikaona wameanza kusikiliza kweli, nikanogewa: zamani sana, kabla volkano za Virunga hazijaziba njia, maji ya huku yalikimbia kaskazini, kuelekea Nile. Kiatu kingefika Misri.

Msichana wa mbele akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole, Mwalimu. Umechelewa kukiangusha."

Mama mmoja wa makala akanionea huruma, akanipa kandambili moja. Ya waridi, yenye ua juu, na ya mguu wa kushoto. Kilichoenda kilikuwa cha kulia. Nikapanda mlima hivyohivyo, wanafunzi thelathini nyuma yangu, na sijawahi kuona darasa limenyamaza vile.

Nyumbani mke wangu akatazama miguu kwanza, uso baadaye.

"Papa, ile ingine iko wapi?"

"Inaenda Banana."

Akaweka mwiko chini. "Banana ni nani?"

Nikataka kueleza, nikaanzia Kawa. Nilipofika Kalemie alikuwa ameishika ile kandambili kwa vidole viwili, anaigeuza, analitazama ua. Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema ni ya mama mmoja tu, alinisaidia njiani.

Bukari nilikula peke yangu. Saa moja usiku, nikiwa bado natafuta maneno, umeme ukakatika mtaa mzima. Kukawa kimya kidogo. Halafu kutoka uani kwa jirani, sauti ya mtoto ninayemfundisha:

"Kiatu ya Mwalimu imefika Mururu!"

Gizani, kwa mara ya kwanza tangu jioni, nikamsikia mke wangu akicheka.