Transfoma pekee haitoshi

Habari inasema kanisa la hapa Kisumu limeletewa Hammond B-3, kinanda cha umeme, kutoka Marekani na fundi atafunga transfoma tu. Tafadhali msikiwashe kinanda kwanza!

Transfoma hushusha volti 240 hadi 120, lakini haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Ndani ya kinanda hicho kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozungushwa na mota inayofuata hezi za umeme. Imeundwa kwa hezi 60. Kenya tuna 50, kwa hiyo magurudumu yatazunguka polepole na sauti itashuka. Ukibonyeza noti ya do utasikia noti ya la ya chini, tena iliyolegea kidogo, kwa hiyo hata kuhamisha ufunguo wa wimbo hakutapatana na gitaa. Kinachotakiwa ni kibadilishi cha hezi chenye wimbi laini, volti 120, hezi 60.

Kuwasha: shikilia swichi ya START sekunde 8 hivi, bila kuiachia ongeza swichi ya RUN sekunde 4, kisha achia zote. Ukiharakisha, mota haishiki mwendo. Mafuta ni mara moja kwa mwaka, yale mepesi ya Hammond yenyewe. Ya injini hugandisha nyuzi zinazopeleka mafuta kwenye beringi, na hapo mashine hukwama.

Laurens Hammond alikitoa kinanda chake cha kwanza 1935 akiyalenga makanisa hasa. Mpiga kinanda Mmarekani Jimmy Smith ndiye aliyekipeleka mbali katika jazi kuanzia 1956: besi kwa mkono wa kushoto, mguu ukigusa pedali kuipa mkazo. Vijana wa kwaya wamsikilize huyo kabla ya mwingine yeyote.