Mtaro Mmoja, Shehia Tatu

Mikutano ya shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha, hapa mjini Unguja ina utaratibu wake ambao haujaandikwa popote. Hufunguliwa kwa dua, bwana sheha akawashukuru waliofika na kuwalaumu wasiofika, kisha zikafuata taarifa: chanjo za watoto, ulinzi wa usiku, vijana wanaokesha maskani mpaka alfajiri. Watu husikiliza kwa adabu huku wakitazama simu. Halafu mtu mmoja aliyekaa nyuma, aghalabu mama wa makamo, hunyoosha mkono na kuulizia mtaro. Hapo simu zinawekwa mfukoni.

Nakaa upande wa Ng'ambo, kwenye shehia iliyo bondeni. Sitaitaja jina, kwa sababu sheha wetu ni mtu mwema na nikiitaja itaonekana namsema yeye, nami simsemi. Ninachosema ni kwamba mkutano wetu unakusanya watu wote wanaoumia, bila hata mmoja wa wale wanaoumiza. Na hao wanaoumiza, wanapokutana kwao, hawana habari kuwa kuna mtu wamemuumiza. Wao wanazungumzia taa za barabarani.

Mtaro wetu hauanzii kwetu. Unaanzia juu, unapita shehia mbili, ndipo unatufikia. Huko juu masika yakikaza maji hukimbia, na watu husimama barazani wakayatazama yanavyokwenda. Mwenye taka zake za siku tatu, pempasi, makumbi ya nazi, chupa za maji, anajua kwamba mvua hii itazichukua kabla ya gari la taka. Na kweli zinachukuliwa. Zinakuja kukwama kwenye kalavati la karibu na skuli, maji yakarudi nyuma na kuanza kutafuta milango. Yanayotangulia kufurika ni makaro, yale mashimo ya maji ya vyoo. Aliyewahi kunusa karo iliyochanganyika na maji ya mvua ndani ya ukumbi wake hana haja ya kuelezwa. Asiyewahi, Mungu amuepushie.

Katika mkutano mmoja bibi mmoja jirani yangu alisimama, akasema: "Bwana sheha, mimi nimefagia, nimezibua, na mwanangu ameingia mtaroni na chepe. Sasa niambie, nifanye nini tena?" Sheha akamjibu kwa upole kwamba tutaitisha usafi wa pamoja. Ukaitishwa, tukafanya. Tope tukalitoa, tukalirundika ukingoni lisubiri gari. Mvua ikafika kabla ya gari, tope likarudi lilikotoka.

Wapo wanaosema ni uchafu wetu tu, na sikatai, uchafu upo. Lakini mji huu tangu hapo una ugomvi wa zamani na maji. Mji Mkongwe wenyewe ulikuwa karibu uwe kisiwa: mkono wa bahari ulipita nyuma yake ukautenga na Ng'ambo, na pale Darajani palikuwa na daraja kwelikweli. Ule mkono ukajazwa kidogo kidogo mpaka katikati ya karne iliyopita. Ng'ambo nayo ina vilima na mabonde, na wazee walijua kuvisoma. Juu walijenga, chini wakapanda majimbi na mpunga, maana majimbi hayaogopi kulala majini. Leo palipokuwa na majimbi pana nyumba, mojawapo ni yangu.

Hatukuja bondeni kwa ujinga. Tulikuja kwa sababu juu kulikuwa kumejaa. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678, na ya 2022 ikaukuta na watu 893,169. Ni karibu laki tatu zaidi ndani ya miaka kumi, na wote wanataka pa kulala. Kila paa jipya la bati, kila ua uliotiwa saruji ili gari lisiingie tope, ni maji yasiyozama tena ardhini. Yanakwenda mtaroni. Kwa hiyo mtaro uliotosha wakati wa bibi zetu leo hautoshi, hata usipotupwa ganda moja la muwa. Hilo mikutanoni huwa halisemwi, kwa sababu ni rahisi zaidi kumsema jirani mchafu kuliko kuusema ua wetu wenyewe uliotiwa saruji.

Tena si suala la viatu kulowa. Kipindupindu kilishaua watu Zanzibar tangu karne ya kumi na tisa, kikaripotiwa tena mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa kikirudi, na mvua kubwa ndizo zinazokifungulia mlango. Ardhi yetu nyingi ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Cha karoni hakikai karoni, na visima viko hatua chache tu pembeni. Masika ya 2017 yaliwafunza wengi. Wanaopita Mwanakwerekwe wanalikumbuka lile bwawa lililokuwa likiifunga barabara mvua zinapozidi.

Sasa turudi kwa sheha. Sheha hachaguliwi na sisi. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na sheria ya tawala za mikoa ya 2014 ndiyo inayompa kazi zake. Hana gari la taka, hana mhandisi, hana fungu la kununulia hata kalavati moja. Mitaro na taka ni kazi ya mabaraza ya manispaa, na anayetuwakilisha huko ni diwani wa wadi, ambaye tunampigia kura. Lakini ni nani anayemsimamisha diwani njiani akamuuliza? Tunamuuliza sheha, kwa kuwa yeye ndiye tunayemwona kila siku. Halafu hata huyo hatumuulizi kwa ukali, kwani sote tunaihitaji barua yake. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, sheha. Ukitaka mkopo au unauza kiwanja, sheha. Mtu mwenye barua ya kufuata Jumatatu hatasimama Jumapili kumbana sheha mbele ya watu.

Juu ya hilo kuna muhali, ile haya ya kumwambia mtu wako ukweli. Nadhani nusu ya matatizo ya mji huu yanalindwa na muhali. Yule wa juu anayetupa taka mtaroni ni shemeji yako, au mlisoma chuo kimoja, au mama yake alikuja kumwosha marehemu wenu. Utamwambiaje? Unanyamaza, unanunua mchanga, unainua kizingiti. Jirani yako wa chini naye anainua chake. Mtaani kwetu siku hizi kuna milango ambayo lazima uinue mguu kama unapanda ngalawa, na maji bado yanaingia.

Ndiyo maana napendekeza tukutane kwa mtaro badala ya kukutana kwa shehia. Si badala ya mikutano yote. Chanjo na ulinzi ziendelee kule kule. Nasema kwa jambo hili moja. Mtaro mmoja, tangu unapoanzia mpaka unapomwaga, uwe na mkutano wake: masheha wote unaowapitia, madiwani wao, mtu wa manispaa anayejua vipimo, na wakaazi wa juu, wa kati na wa chini. Na kabla ya kuketi kwenye viti, watu watembee. Waanze juu, waufuate mtaro kwa miguu mpaka mwisho wake. Mtu wa juu akishaona pempasi zimerundikana mlangoni kwa mwenzake hakuna hotuba itakayohitajika. Na mtu wa chini naye ataona kitu ambacho haambiwi: kwamba huko juu kontena la taka liko mbali, njia ya gari ni nyembamba, na mama mwenye watoto wanne hawezi kwenda na ndoo ya taka mwendo wote ule kila asubuhi. Taka za mji zinapelekwa mpaka Kibele, Wilaya ya Kati, lakini safari ngumu kuliko zote ni ile ya kutoka jikoni mpaka kwenye kontena.

Wala si wazo geni. ZUSP, mradi wa huduma za mjini Zanzibar uliotumia mkopo wa Benki ya Dunia, ulipojenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua mjini, wahandisi hawakuanza kwa kuuliza sheha gani anaishia wapi. Walifuata mwinamo wa ardhi. Kama zege linaweza kuvuka mpaka wa shehia, sioni kwa nini viti vya plastiki visiweze.

Nimeambiwa na rafiki kwamba nitaleta fitna, watu wa juu na wa chini watagombana hadharani. Huenda. Lakini tayari tunagombana, ila kila mmoja kwake, mwenzake hasikii. Mkutano wenye mtaro katikati unampa mtu nafasi ya kusema bila kumtaja shemeji yake, maana kinachotajwa ni mtaro. Kinachonitisha zaidi ni vyama. Hapa kwetu watu watatu wakisimama pamoja wa nne anauliza ni maskani ya chama gani. Kwa hiyo fulana na kofia za chama zibaki nyumbani, na anayetaka kutangaza nia ya uwakilishi asubiri msimu wake.

Jengine ni saa. Mikutano yetu huwekwa baada ya laasiri, wanaume wakiwa wametoka kazini na wake zao wako jikoni. Anayechota yale maji kwa ndoo usiku wa manane, anayeinua magodoro, anayempeleka mtoto anayeharisha hospitali, ndiye asiyekuwepo. Yule bibi wa chepe alikuja kwa sababu ni mjane na hapiki kwa ajili ya mtu.

Na yaandikwe. Tunalo daftari la shehia, lakini sijapata kusikia mkutano ukianza kwa kusomewa yale tuliyokubaliana mkutano uliopita. Tukianza hivyo, hata kwa dakika tano, ahadi ya gari la tope itatafutwa ilikopotelea.

Kwetu pa kuanzia panajulikana. Ni lile kalavati la karibu na skuli, ambalo tundu lake ni jembamba kuliko mtaro unaoliingia. Hata usafishe kila Jumamosi, halitapitisha. Linahitaji kuvunjwa na kujengwa upya, na kwa hilo inahitajika barua kwa manispaa yenye saini na mihuri ya masheha watatu. Barua ya sheha mmoja ni rahisi kuiweka chini ya nyengine. Nimeshawasemesha watu wawili watatu wa juu na hawakukataa, ila wameuliza lini. Nimewaambia kabla ya vuli, mwezi wa Septemba, siku ya Jumapili asubuhi, maana Jumamosi kila mtu ana harusi.