Ugaidi: kwa nini Kondele haishtuki tena

Polisi wakitangaza kwamba wamenusa njama ya ugaidi, mkazi wa Kondele, mtaa wa Kisumu, huuliza kwanza ni nani anayewindwa safari hii. Wakuu wa usalama hulalamika kwamba raia wamelegea. Ukifuatilia matamko yao tangu 2013, utajua swali hilo limetoka wapi.

Katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Joseph ole Lenku, waziri wa usalama wakati huo, alisema washambulizi walikuwa kati ya 10 na 15. Uchunguzi ukaonyesha wanne. Moshi mzito alisema ni wa magodoro yaliyochomwa na magaidi, kumbe sehemu ya jengo ilikuwa imeporomoka. Mwaka uliofuata zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni, Lamu. Al-Shabaab, wanamgambo wa Somalia, wakasema ni wao, Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya kisiasa ya humu nchini. Na kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia, ilipovamiwa Januari 2016, idadi rasmi ya wanajeshi waliokufa haikutolewa.

Kisumu ina hesabu yake zaidi ya hizo. Agosti 2017, mtoto mchanga wa miezi sita alifariki baada ya polisi kuvamia nyumba yao Nyalenda usiku, na 2019 hakimu wa Kisumu akawabebesha lawama makamanda wa polisi. Kisha ikaja Julai 2025, baada ya maandamano ya kuipinga serikali ya Juni 25. Polisi walimkamata mwanaharakati Boniface Mwangi na kumhusisha na ugaidi. Alipofikishwa mahakama ya Kahawa, shtaka aliloshtakiwa nalo lilikuwa kumiliki risasi kinyume cha sheria. Vijana wengine walioandamana, waliodaiwa kuchoma majengo ya serikali, walibaki na mashtaka ya ugaidi. Kuchoma mahakama au kituo cha polisi ni kosa zito, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha uchomaji. Lakini chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, mahakama inaweza kuruhusu mshukiwa azuiliwe hadi siku 90 akichunguzwa. Hapo ndipo mzazi wa Obunga, Kisumu, au Kaptembwo, Nakuru, anapoanza kuogopa sheria kuliko magaidi, na hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo, kupuuza kila onyo kumewahi kuua. Mwishoni mwa Machi 2015, Chuo Kikuu cha Nairobi kilionya wanafunzi wake kuhusu shambulizi, na Uingereza ikatoa tahadhari kwa wasafiri. Rais alizikosoa tahadhari za kigeni siku moja kabla ya Aprili 2. Alfajiri hiyo Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wakafa watu 148. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Safari hiyo onyo lilikuwa la kweli. Februari 2018, karibu na Merti, Isiolo, polisi walisimamisha gari lililosheheni vilipuzi na bunduki. Shambulizi lililozuiwa halina mazishi, kwa hiyo halikumbukwi. Serikali pia ina haki ya kuficha jina la mpasha habari, kwani likitajwa anauawa.

Athari ya kutoamini unaiona mlangoni mwa supamaketi: mlinzi anapitisha kigunduzi cha chuma juu ya begi, kinalia, naye anakupungia mkono upite. Yeye haamini kuna hatari, nawe huamini. Vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Masinde Muliro vina malango ya namna hiyo hiyo, na ndani kuna maelfu ya watoto wa watu.

Siri ya kijasusi haihusu idadi ya waliokamatwa, waliofikishwa kortini na waliohukumiwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la maandishi, au saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Maombi mengi hukwama kwa sababu mwombaji anauliza jumla jumla kuhusu "usalama", akajibiwa kwa kinga ya usalama wa taifa. Uliza takwimu, taja tarehe na kituo. Ukikataliwa, peleka rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Zaidi ya hayo, kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa kuripoti kwa Bunge kila mwaka. Wabunge wa Kisumu na Nakuru wadai ripoti hiyo ionyeshe, kwa kila onyo lililotangazwa, ni kesi ngapi zilizofika mwisho na zilizoanguka zilianguka kwa nini.